Mazoezini Hakuna Kupiga Simu

Kituo cha michezo cha chuo kilikuwa na kila kitu ambacho mwanafunzi mvivu anaweza kukikwepa: bwawa la kuogelea, chumba cha kunyanyulia vyuma, viwanja viwili vya ndani, na safu ya mashine za kukimbilia zilizoelekezwa dirishani ili mtu akimbie huku akiwatazama wenzake waliokaa. Kilikuwa pia na mkurugenzi aliyependa majanga. Si majanga ya kweli, hayo aliyaogopa kama mtu mwingine yeyote. Alipenda kuyafanyia mazoezi. Alivaa saa ya kupimia muda shingoni, kwa kamba nyekundu, na wafanyakazi wakampa jina la Sekunde, jina ambalo ama hakulijua, ama alilijua na likampendeza.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Filimbi inalia. Mtu mmoja amelala chini kando ya bwawa, kazi yake ni kuwa mgonjwa. Mwokoaji mkuu, bwana mwenye masharubu marefu yaliyomfanya aitwe Kambale, anapiga magoti, anamtikisa mgonjwa bega, anamwita, kisha anamnyooshea kidole mtu wa mapokezi kupitia mlango wa kioo na kupaza sauti: "Wewe! Piga simu, ita gari la wagonjwa!" Mtu wa mapokezi ananyanyua mkonga wa simu, anapaza sauti, "Nimepiga! Wako njiani!" anaurudisha mkonga mahali pake, anaweka alama ya vema kwenye fomu, anaandika saa, kisha anatoka mbio kuwazuia wanafunzi wasijazane. Mama Usafi, aliyekuwa akideki pale tangu bwawa lijengwe, anakimbilia lango kuu ili gari likija alielekeze. Sekunde anabonyeza saa yake. Wakivuka dakika tatu, wanarudia.

Umeona hapo katikati? Ananyanyua, anasema, anarudisha. Hapigi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, huyo huyo mwanamke wa mapokezi, ambaye kila mtu alimwita Mapokezi kana kwamba mama yake alimzalia juu ya kaunta.

Miaka minne nyuma, akiwa na wiki ya tatu kazini, filimbi ililia, Kambale akamnyooshea kidole, naye akafanya alichoambiwa. Akapiga simu. Gari likaja na king'ora chake, wahudumu wawili wakaingia mbio na machela, wakamkuta mgonjwa amekaa kwenye kiti anakunywa soda. Dereva alitukana matusi ambayo Mama Usafi aliyahifadhi kwa miaka na kuyarudia kwa furaha kila alipopata msikilizaji mpya. Sekunde hakutukana. Aliwakusanya wafanyakazi wote kando ya bwawa, akamsimamisha Mapokezi mbele yao, akamwambia amwombe radhi kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, akimtazama usoni. Walikuwa ishirini na watatu. Alipofika kwa wa kumi na tano sauti ilikuwa imemkauka na watu walikuwa wameshaanza kucheka, maana binadamu akiona mwenzake anadhalilishwa na yeye hayumo, hucheka. Kesho yake ikaja barua ya onyo, la kwanza na la mwisho. Juu ya simu kikagongomelewa kibao cha herufi kubwa: MAZOEZINI HAKUNA KUPIGA SIMU.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo Mapokezi aliunyanyua ule mkonga kwa vidole vitatu tu, akapaza sauti kuliko wote, na kuandika saa kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote. Sekunde akaanza kumsifu mbele za watu. "Mnamwona Mapokezi? Sekunde nne!" Wakaguzi nao, kila walipokuja, hawakuigusa simu. Walisoma fomu.

Sifa hizo alizihitaji. Kwa miaka minne alifanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita, na kila mkataba ulipokaribia kwisha alikonda kama mtu aliyeugua. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: barua ya ajira ya kudumu. Mume wake alikuwa ameondoka bila kusema anakwenda wapi, na tangu hapo Mapokezi aliishi chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake. Kaka alikuwa na mke na watoto watatu, na nyumba wanamokaa mawifi chini ya paa moja, hata wapendane vipi, kila sufuria inamjua mwenyewe. Barua ya kudumu ingempa chumba chake mwenyewe na mlango wa kufunga. Wifi yake hakuwa mtu wa kuuliza-uliza, ila kila baada ya miezi sita aliuliza.

Kaka huyo ndiye aliyemtafutia hiyo kazi. Alikuwa fundi wa pampu za bwawa, mtu mnene, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kumwambia. Na kwa kuwa pampu zikiwa nzima fundi huonekana hana kazi, Sekunde alimfanya ndiye mgonjwa wa mazoezi, siku zote yeye. Wenzake wakambatiza Marehemu. "Marehemu, chai tayari!" "Marehemu, umeacha ufunguo wako!" Aliitika bila kinyongo. Kabla ya kulala chini alivua buti zake, akazipanga sambamba kando ya vigae, akakunja kofia yake iwe mto. "Nikifa nife vizuri," alikuwa akisema, na watu wanavunjika mbavu.

Basi ikaja wiki ya ukaguzi. Wakaguzi walikuwa wafike Alhamisi, na Jumatatu asubuhi Sekunde alisimama mbele ya kaunta akiichezea kamba yake nyekundu.

"Mapokezi, sikiliza. Alhamisi tukipita, Ijumaa nasaini barua yako ya kudumu. Tusipopita, mkataba wako unaisha mwezi huu, nami sina la kukusaidia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Kuanzia siku hiyo filimbi haikupumzika. Asubuhi mara tatu, mchana mara tatu. Kufikia Jumanne jioni Mapokezi alikuwa amesema "Nimepiga! Wako njiani!" mara kumi na mbili, na fomu tupu na zilizojazwa zilikuwa zimerundikwa ukutani kwenye pembe ya kaunta hadi zikaziba karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kile kibao. Usiniulize karatasi hiyo ilikuwa ya nini, utaona. Nyumbani, wakati wa chakula, kaka alichukua kijiko akakiweka sikioni, akakaza sauti ya kike: "Nimepiga! Wako njiani!" Watoto walicheka hadi mmoja akapaliwa. Wifi naye alicheka. Mapokezi alimrushia kaka yake kitambaa cha mezani, na huo ndio ulikuwa mchezo wao wa mwisho.

Jumatano, saa nne na dakika saba asubuhi, fundi alipanda ngazi kutoka chumba cha pampu na spana mkononi. Alimwambia Kambale kwamba chujio la pili limeziba tena. Akaweka mkono kifuani kama anayetafuta kalamu mfukoni, akasema, "Ngoja kidogo," akaanguka. Aliangukia uso. Spana iliruka ikaingia bwawani.

Sasa, asiniambie mtu kwamba walidhani anaigiza. Hilo lingekuwa afadhali, lingesameheka, mtu angelisimulia hata kanisani au msikitini. La, kila mtu alijua. Buti zilikuwa miguuni. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Kambale alimgeuza, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo hakuna aliyelitumia pale kwa miaka, akamwita mara tatu, kisha akainua kichwa na kunyoosha kidole kwenye kioo.

"Wewe! Piga simu, ita gari la wagonjwa!"

Mapokezi alikuwa ameshasimama. Alimwona kaka yake chini, aliona damu. Mkono ukaenda wenyewe. Akanyanyua mkonga.

"Nimepiga! Wako njiani!"

Akaurudisha mahali pake. Akaweka alama ya vema kwenye fomu. Akaandika 4:07 kwa mwandiko mzuri. Akatoka mbio.

Mazoea yana tabu, walisema wakubwa, na hawakukosea hata kidogo.

Kila mtu alifanya kazi yake siku hiyo, tena kwa ufundi ambao haukuwahi kuonekana. Kambale alikandamiza kifua kwa mikono iliyonyooka, akihesabu kwa sauti, na waokoaji wawili wadogo wakampokea kwa zamu bila kukosea hata hesabu moja. Mama Usafi, pamoja na magoti yake mabovu, alifika langoni kabla ya vijana. Mapokezi alitanua mikono mbele ya wanafunzi waliotoka chumba cha vyuma, machozi yakimchuruzika, akisema, "Rudini nyuma jamani, mpeni hewa, mpeni hewa kaka yangu." Sekunde alitoka ofisini na mkono wake, kama ulivyozoea, ukabonyeza saa. Kila mmoja alipokuwa mahali pake aliitazama, akasema kwa sauti ya chini, bila kumwambia yeyote, "Dakika mbili na sekunde arobaini." Kisha akaona aibu, akaificha ndani ya shati. Ilikuwa rekodi ya kituo.

Tatizo ni kwamba mazoezi yaliishia hapo. Siku zote, dakika ya tatu ikifika watu walipiga makofi, mgonjwa akaamka akavaa buti, wakaenda kunywa chai. Dakika ya nne hakuna aliyefundishwa. Walibaki wanafanya yale yale, wakitazamana.

"Wako wapi hawa?" Kambale aliuliza, jasho likidondoka kwenye masharubu.

"Wako njiani," Mapokezi akajibu.

Na aliamini. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, kwamba aliamini. Ungemshika wakati ule ukamwapisha, angeapa kwa kaburi la mama yake kwamba amepiga, kwamba alisikia sauti upande wa pili. Dakika ya kumi ilipita. Dakika ya kumi na tano ikapita. "Wako wapi?" "Wako njiani, si nimeshawapigia!" Moyoni alikuwa akiwalaani wale watu wa gari, watu wasio na huruma, wanaokunywa chai wakati mtu anakufa. Kupitia kioo aliweza kumwona Mama Usafi kule langoni akipunga kitambaa cha kudekia kwa kila gari jeupe lililopita, hata gari la mikate.

Dakika ya ishirini na nne akasema, "Ngoja niwapigie tena," akarudi kaunta, akanyanyua mkonga. Kidole kikaganda hewani. Hakikujua kiende wapi. Namba ya gari la wagonjwa ilikuwa kwenye ile karatasi ndogo chini ya kibao, na ili kuisoma ilimbidi aondoe rundo la fomu. Rundo lilikuwa pale pale lilipokuwa tangu Jumatatu. Halikuwa limeguswa.

Ndipo alipojua. Hakuna aliyemwambia, hakukuwa na sauti wala nini, alijua tu, akiwa ameshika fomu kifuani na mkonga unalia mlio wake mmoja mrefu sikioni. Akaziangusha fomu sakafuni na kupiga. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikamuuliza mahali, ikamuuliza umri, kisha ikauliza: "Mgonjwa ameanguka saa ngapi, dada?"

Nyuma yake Kambale alikuwa bado anahesabu, ila sauti ilikuwa imekwisha, ilikuwa pumzi tupu.

"Sasa hivi," Mapokezi akasema. "Ameanguka sasa hivi."

Gari lilifika baada ya dakika sita. Lilikuwa hapo nyuma ya kumbi za mihadhara, ng'ambo ya barabara moja tu.

Hospitalini daktari hakuwa na maneno mengi. Alimgusa fundi shingoni, akatazama saa ya ukutani, akauliza alianguka lini. Mapokezi alifungua mdomo, lakini Sekunde alimtangulia: "Tulifanya kila kitu kwa utaratibu, daktari." Daktari akaitikia kwa kichwa na kuvuta shuka. Alhamisi walizika. Sekunde aliwaomba wakaguzi wasogeze ukaguzi hadi Jumatatu, kwa heshima ya msiba, na kila mtu akamsifu kwa utu wake. Makaburini Kambale alijaribu kusema neno "marehemu" likamkwama, akashindwa kuendelea, akakaa.

Jumamosi Sekunde alifika nyumbani kwa wafiwa amevaa suti. Alimpa wifi mkono, akawapapasa watoto vichwa, kisha akamwomba Mapokezi watoke kidogo uani, penye kamba ya nguo.

"Pole sana, Mapokezi. Pengo lake halizibiki."

"Asante, bosi."

"Kuna jambo dogo la karatasi tu. Taarifa ya tukio. Inahitaji saini yako hapa, kwamba simu ilipigwa saa nne na dakika saba, kama ulivyoandika mwenyewe kwenye fomu."

"Bosi, sikupiga."

Sekunde alilitazama shati la fundi lililokuwa bado kwenye kamba.

"Sema polepole."

"Nilinyanyua mkonga nikasema nimepiga, kama mazoezini. Sikupiga. Nilikuja kupiga baadaye sana."

"Watu kumi na mmoja walikusikia," Sekunde akasema. "Wote wameandika maelezo na kusaini. Mimi mwenyewe nilikusikia kwa masikio yangu haya. Wewe ni nani uwapinge watu kumi na mmoja?"

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu."

"Wewe ni mfiwa. Mfiwa husema mengi." Akamsogelea. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haya, tuseme hukupiga. Wataniuliza kwa nini, nami nitawatolea barua ya onyo ya miaka minne iliyopita, waone kwamba wewe na simu mlishakosana zamani. Atakayefukuzwa ni wewe. Kibao hakifukuzwi. Na kaka yako hatarudi. Barua yako ya kudumu nimeshaichapa, Mapokezi. Ipo kwenye droo yangu. Wakaguzi wakipita Jumatatu, Jumanne unayo."

Akatoa kalamu. Pale uani hapakuwa na meza, kwa hiyo akageuka, akainama kidogo, akamwekea mgongo wake asainie hapo. Mapokezi alisaini juu ya suti, na kalamu ilitoboa karatasi mahali pamoja.

Lakini taarifa haiwezi kusema simu ilipigwa mapema na gari likachelewa bila kumtaja aliyelichelewesha, na Sekunde hakutaka ugomvi na watu wa gari, maana nao ni taasisi. Ikaandikwa kwamba gari lilizunguka nje ya chuo likakosa mtu wa kulielekeza, kwa kuwa mfanyakazi wa usafi aliondoka langoni. Jumatatu asubuhi Mama Usafi alikuja kaunta kurudisha funguo za stoo. Mwenye nguvu mpishe, na yeye alipisha hadi nje ya geti.

"Mapokezi, mwanangu," alisema, "wewe uliniona. Uliniona kupitia hiki kioo. Niliondoka mimi?"

"Hukuondoka, mama."

"Basi waambie. Mimi wakinisikia wanaona ni bibi tu anajitetea. Wewe ni mfiwa, wewe watakusikiliza."

"Nitawaambia, mama."

Alizipokea funguo, akazitundika mahali pake. Saa nne wakaguzi walifika, watu wawili wenye mafaili. Filimbi ikalia. Mwokoaji mmoja mdogo alilala chini, Kambale akanyoosha kidole huku akikwepa kumtazama, na Mapokezi akanyanyua mkonga akasema alichotakiwa kusema. Sekunde tatu. Kituo kilipata alama ambazo hakijawahi kupata. Jumanne mchana akapewa bahasha.

Alirudi nayo nyumbani jioni ameificha ndani ya blauzi. Watoto walikuwa kwa jirani. Wifi alikuwa jikoni, ameketi mezani na sinia la mchele, akichambua. Mapokezi alitaka kupita moja kwa moja kwenda chumbani kwake.

"Wifi," yule akamwita bila kuinua macho.

"Abee, wifi."

"Kaa."

Akakaa.

"Siku ile, ulipiga simu saa ngapi?"

"Saa nne na dakika saba."

Ilitoka safi, kubwa, kwa sauti ya kazini. Hakuitafuta. Wifi aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Mama Usafi alikuja hapa jana. Alilia mpaka mimi mfiwa ndiye nikambembeleza yeye. Akaapa hakuondoka langoni. Nikasema, kama hakuondoka, basi ni wale wa gari ndio wameniulia mume wangu kwa uvivu wao. Leo asubuhi nikaenda kwao. Njia nzima nilikuwa napanga matusi yangu, wifi, lipi lianze, lipi lifuate." Akatoa kijiwe kingine. "Wakanifungulia daftari. Simu ya kwanza kutoka kituo cha michezo, saa nne na dakika thelathini na moja. Sauti ya mwanamke. Ameanguka sasa hivi. Ndivyo walivyoandika, ameanguka sasa hivi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani kwao tangu saa tatu. Dereva alikuwa anasoma gazeti."

Mapokezi aliteremka kwenye kiti hadi sakafuni. Alisema yote, kilio kikimkata katikati ya maneno: kibao, mkonga, rundo la fomu, mgongo wa Sekunde. Alisema hakujua. Aliapa hakujua, alidhani amepiga, mkono ulikwenda wenyewe. Wifi alimsikiliza hadi mwisho, wala hakumwambia anyamaze.

"Najua hukujua," akasema. "Ungekuwa ulijua ningekuchoma kisu hapo hapo ulipo, yakaisha."

"Kesho nitakwenda kwa wakuu wa chuo, wifi. Nitasema kila kitu. Mama Usafi arudishiwe kazi yake, na mimi wanifanye watakavyo."

"Hiyo bahasha ni ya nini?"

Pembe yake ilikuwa imechomoza kwenye blauzi. Mapokezi akaitoa.

"Ni barua. Ya kudumu."

Wifi alijifuta mikono, akaifungua, akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaikunja, akainuka, akafungua kisanduku cha bati alimoweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akaitia humo na kukifunga.

"Utakwenda useme, ufukuzwe. Halafu?" aliuliza. "Wanangu watatu wale nini? Wale ukweli wako? Nyumba hii iliendeshwa na mtu mmoja, na mtu huyo umenirudishia kwenye machela. Huendi kusema popote. Utakaa kwenye kile kiti chako mpaka huyu wa mwisho amalize chuo. Chumba cha kupanga sahau. Mume mwingine sahau. Mwezi ukiisha unakuja hapa na bahasha yako bila kuifungua."

"Na Mama Usafi, wifi? Hana kosa lolote yule."

"Mama Usafi ana watoto wakubwa. Watamlisha."

"Wifi, sitaweza. Kukaa pale kila siku, mbele ya ile simu, sitaweza."

"Utaweza. Mbona jana uliweza?"

Nje sauti za watoto zilisikika zikikaribia, wakubwa wakimhimiza mdogo. Mapokezi aliangalia mlango.

"Na hawa je? Wakiniuliza nitawaambia nini?"

"Hawa wanajua shangazi yao alipiga. Kila watakapokuuliza utawaambia, wewe mwenyewe, mbele yangu. Kwa sauti ile ile uliyonijibu mimi sasa hivi." Akamshika kwapani, akamnyanyua kutoka sakafuni kwa nguvu, akamkalisha kitini. Akampakulia chakula kilichobaki mchana, sahani imejaa, akaiweka mbele yake. "Futa uso. Kula. Kesho una kazi."

Watoto wakaingia, wakamwamkia shangazi, akawaitikia. Akala, na wifi yake hakuondoka pale mezani mpaka sahani ilipokuwa tupu.